Vishikio vya sufuria vya kushona nyumbani: mwongozo kamili kwa masufuria yetu yasiyo na masikio

Assalam alaykum jamani. Leo nataka niwaelezee kitu ambacho kila jiko linakihitaji na majiko mengi hayana, kishikio cha sufuria cha nguo, kile cha tabaka tabaka, unaipua sufuria linatokota na mkono hausikii kitu. Nimekuwa nikivishona miaka kadhaa sasa hapa Jang'ombe, Unguja, vya kwangu, vya dada zangu, vya mawifi zangu wa Wete, Pemba, na kila nikienda kwenye shughuli nikaona mtu anaipua sufuria kwa ncha ya kanga aliyojifunga mwenyewe roho inaniruka, mana kanga ile ikigusa kaa imeshika moto na yeye yumo ndani yake.

Ukitafuta mafunzo ya vishikio kwenye intaneti utaona vya mraba, au glavu kubwa inayofika mpaka kwenye kiwiko. Vizuri, lakini vile vimetengenezwa kwa trei ya ovena na kwa sufuria lenye mikono miwili. Sasa kichukue kimoja uje nacho kwenye sufuria letu hili la alumini la kawaida. Halina masikio. Lina ule ukingo tu wa juu uliokunjwa kwa nje, upana wake kama kidole cha mwisho. Sufuria kama hilo hulishiki, unalibana. Vidole vinne vinakaa nje chini ya ukingo, dole gumba linakaa juu, na dole gumba ndilo linaloelekea mvuke na ndilo linaloungua kwanza. Jiangalie makovu yako utaniambia. Kwa hivyo kishikio chetu kinataka mambo mawili yanayogombana: kiwe kinene joto lisipite, na kiwe laini kikunjike katikati ili usikie ukingo uko wapi. Kikiwa kinene kama mto hutausikia ukingo, sufuria litateleza, na sufuria lililoteleza ni baya kuliko kidole kilichoungua. Mwongozo wote huu ni wa kusuluhisha hayo mawili.

Kabla ya kukata kitambaa: kwa nini tambara bichi linaunguza

Nianze na lililonifika. Ramadhani ya miaka mitatu nyuma, kumi la mwisho, nina sufuria la muhogo wa nazi, futari ya watu wengi, adhana inakaribia, nikachukua tambara lililokuwa pembeni ya karo nikalikunja mara nne nikaona basi hili nene linatosha. Lilikuwa bichi. Nilipoinua sekunde ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, ya tatu ikawa kama nimetia mkono ndani ya lile tui lenyewe, upande wa kulia ukaniponyoka, muhogo ukamwagika sakafuni na juu ya mguu wangu, na mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa hatua mbili tu pale kwenye mbuzi anakuna nazi. Yeye hakuguswa, alhamdulillah. Mie nilitoka malengelenge ya dole gumba na kidole cha shahada na mguu nilikuwa nauburura mpaka Sikukuu.

Baadae ndo nikaelewa. Kitambaa peke yake hakikukingi sana, kinachokukinga ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ukikilowesha umeitoa hewa umetia maji, umejijengea njia ya moto kufika kwenye ngozi, na zaidi ya hapo maji yale yakipata moto yanageuka mvuke humo humo ndani ya kitambaa. Maji ya 60°C yanakuunguza vibaya kwa sekunde kama tano tu, na sufuria linalochemka ni 100°C, mafuta ya kukaangia sambusa yanafika 180°C. Kwa hivyo sheria ya kwanza kabla ya sindano ni hii: kishikio kiwe kikavu, na kikiloa wekeni chengine. Ndo mana nasema kila jiko liwe na jozi mbili, moja inatumika na moja iko kambani.

Vitambaa, na namna ya kuvijaribu kwa moto

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa hivyo nitakaa kidogo.

Unataka pamba tupu, au sufu tupu. Pamba ikizidiwa na joto inaungua na kuwa nyeusi lakini haiyeyuki. Sufu, namaanisha manyoya ya kondoo, ni bora zaidi mana ni ngumu kushika moto na ikishika inajizima yenyewe ukiitoa motoni. Poliesta inayeyuka karibu 250°C, na ikiyeyuka inaganda kwenye ngozi kama ulimbo, ukiivuta inakuja na ngozi. Niliwahi kununua kishikio kizuri cha maua dukani, duka silitaji, nje kitambaa cha kung'ara ndani sponji ya godoro, siku ya kwanza nimekiweka kwenye kaango la chuma kikabakia alama ya kaango na harufu ya plastiki mpaka ukumbini. Nilikuwa nimeshakiachia kabla hakijanifika, basi.

Tatizo ni kwamba saivi huwezi kujua kwa macho. Kuna kanga za poliesta, kuna mashuka yanaitwa pamba na si pamba, na mablanketi mengi laini ya manyoya manyoya ni poliesta mwanzo mwisho. Kwa hivyo fanya hivi: chomoa nyuzi mbili tatu, au kata kipande kama ukucha, kishike na koleo dogo juu ya sahani ya bati yenye maji, washa kiberiti. Angalia na unuse. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake la kijivu laini ukilisugua linapotea. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inajikunja na kuzimika. Poliesta inajikusanya, inatona, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki chembe ngumu kama ushanga. Ukiona ushanga hata mdogo, kitambaa hicho kishonee kitu chengine, hapa hakina kazi. Fanya nje na mbali na watoto.

Mie navyotumia ni hivi. Upande wa kugusa sufuria naweka jinzi, suruali kuukuu ya pamba, mitumba ya soko la Mwanakwerekwe unapata kwa bei ndogo, ila usichukue ile inayovutika kama mpira mana ina nyuzi za plastiki ndani. Jinzi ina faida kubwa, haitelezi juu ya alumini. Katikati naweka taulo la pamba lililochakaa, tabaka mbili, na kama nina kipande cha blanketi la sufu naweka kimoja kati ya hizo taulo mbili. Upande wa mkono naweka kanga ya pamba iliyofuliwa mpaka imelainika, au bafta. Bibi yangu wa Pemba yeye alikuwa haambiwi kitu kwa merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa ambayo jina lake limetokana na Marekani yenyewe, wafanyabiashara wa kule Salem walikuwa wakiileta Unguja kwa meli tangu karne ya 19, na kwa kweli nguo ya namna hiyo ukiipata leo ndani ya kishikio inakaa miaka.

Visivyofaa nivitaje haraka. Sufi ya mito hapana, inashika moto kama karatasi. Sponji hapana. Gunia la karafuu la katani wengine wanaliweka katikati kwa sababu liko nyumbani, lina nywele nyingi na cheche inakaa humo, afadhali lifanye tandiko la kuwekea sufuria mezani. Viroba vya unga na vya mchele vya kufuma ni plastiki, vinayeyuka hata kabla ya mafuta ya sambusa hayajawa tayari. Kuna pia ile nguo maalum ya kujazia yenye karatasi ya kung'ara ndani inayorudisha joto, watu wanaletewa na ndugu zao kutoka nje, inaitwa Insul-Bright. Inafaa kama utaiongezea taulo, peke yake haitoshi, na kishikio chenye hiyo usikitie ndani ya maikrowevu mana ile karatasi ina madini.

Fueni vitambaa vyote kwanza kwa maji ya moto na sabuni. Kanga mpya ina wanga mwingi, na pamba ikifuliwa mara ya kwanza inarudi ndani, ukishona kabla ya kufua kishikio kitakuja kujikunja kama jani la mgomba lililokauka.

Kukata

Nitakuelezea kishikio cha mifuko miwili, mmoja wa vidole vinne mmoja wa dole gumba, kinakunjika katikati kama mdomo wa bata. Kwa sufuria lisilo na masikio hichi ndicho, mengine yote nimeyajaribu nikayaacha.

Kikimalizika kitakuwa na urefu wa sentimita 22 na upana 16. Mwanamme mwenye mkono mkubwa aongeze sentimita mbili kila upande. Kwa kishikio kimoja unakata:

jinzi kipande kimoja cha 24 kwa 18, na kanga au bafta kipande kimoja hivyo hivyo 24 kwa 18. Vinazidi kidogo kwa makusudi, vitapunguzwa baadae.

Taulo vipande viwili vya 20 kwa 14, na blanketi la sufu kimoja cha 20 kwa 14 kama unalo, kama huna weka taulo la tatu. Hivi vya ndani ni vidogo kuliko vya nje na hii ni siri niliyoipata baada ya kuvunja sindano nyingi, pembeni kunabaki jinzi na kanga tu kwa hivyo cherehani inapita bila ya kupiga kelele.

Mfuko wa vidole, kanga 20 kwa 16, utaukunja uwe 10 kwa 16. Mfuko wa dole gumba, kanga 16 kwa 16, utaukunja uwe 8 kwa 16, na huu utie ndani yake kipande cha taulo cha 7 kwa 14, mana nimeshasema dole gumba ndilo linaloelekea mvuke. Ukijumlisha 10 na 8 unapata 18, inabaki sentimita 4 tupu katikati, na hizo nne ndo bawaba yako, hapo ndo kinapokunjikia.

Mwisho utepe wa kuzungushia pembeni, upana sentimita 6, urefu 80, ukatwe mshazari, yani kutoka pembe hadi pembe ya kitambaa na sio kufuata uzi. Ukikatwa mshazari unavutika na kuzunguka kona bila ya kukunjamana. Na kipande kidogo cha 12 kwa ajili ya kitanzi.

Kanga moja, sio doti, ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi, kwa hivyo inatoa vipande 36 vya ile 24 kwa 18. Ukiwa makini kukata unaweza kuliweka pindo likae kwenye midomo ya mifuko, linapendeza sana. Jina la kanga mie silikati, naliweka zima kwenye mfuko wa vidole kama urefu unaruhusu.

Kupanga na kupiga mistari

Tandika jinzi chini, upande mzuri ukiangalia chini. Juu yake taulo, weka katikati kabisa ibakie nafasi sawa pande zote, halafu blanketi, halafu taulo la pili, halafu kanga upande mzuri ukiangalia juu. Piga bandi kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa, msalaba mmoja kona kwa kona na mmoja katikati. Usiruke hatua ya bandi ukategemea pini peke yake, tabaka tano zinatembea chini ya mguu wa cherehani, unamaliza unakuta taulo limekimbilia upande mmoja na upande wa pili ni nguo mbili tupu, na hapo kwenye nguo mbili ndo kidole chako kitakapokuwa.

Sindano namba 16, ile ya jinzi. Uzi wa pamba kama unaupata. Mshono uwe mrefu, milimita 3 au 3 na nusu, mshono mfupi kwenye nguo nene unatoboa toboa mpaka inachanika. Kama cherehani yako ni ya mkono, kama yangu, uko vizuri zaidi, mana unazungusha pole pole.

Mstari wa kwanza upige katikati kabisa, kuvuka upana, ule wa sentimita 16. Huo ndo mstari wa kukunjia. Halafu piga mwengine sentimita mbili upande huu na mwengine sentimita mbili upande ule, hapo bawaba yako imeshakuwa. Mistari iliyobaki iache mbali mbali, sentimita 3 au 4, na hapa naomba mnisikilize, watu wanapenda kupiga mistari mingi ya viboksi vidogo vidogo kama godoro la mtoto, kinapendeza lakini kila mstari unaikandamiza ile hewa, na pale kwenye mstari joto linapita kwa urahisi zaidi. Mistari michache, hewa nyingi.

Ukimaliza toa bandi, piga pasi, chukua rula upunguze pembeni mpaka 22 kwa 16, ukihakikisha umbali wa kutoka kwenye taulo hadi ukingoni ni sentimita moja kila upande. Kona ziviringishe, weka gilasi kwenye kona uzungushe chaki, kata. Kona ya mviringo inashoneka, kona ya pembe inamtoa mtu machozi.

Mifuko na utepe

Kunja vile vipande vya mifuko, piga pasi, na piga mstari mmoja wa cherehani kwenye ule upande uliokunjwa ili usifumuke, huo ndo mdomo wa mfuko. Viweke juu ya upande wa kanga, sio upande wa jinzi, midomo yote miwili ikiangalia katikati. Kata kona zao zifuate kona za chini. Shikiza kwa mshono mrefu pembeni kabisa, nusu sentimita kutoka ukingoni.

Hapa simama kidogo. Tia vidole kwenye mfuko mmoja na dole gumba kwenye mwengine, kunja, jinzi iwe ndani inajitazama. Mkono unaingia mpaka kwenye kifundo cha pili cha vidole? Unaweza kufunga na kufungua bila ya kujilazimisha? Kama kinabana, fumua sasa, mana ukishatia utepe umechelewa.

Utepe ukunje nusu kwa urefu, uwe upana wa sentimita 3, piga pasi. Anza upande wa jinzi, ile mipaka miwili mibichi ya utepe iwe sawa na ukingo wa kishikio, shona sentimita moja kutoka ukingoni, ukifika kwenye kona usiuvute, uache uzunguke wenyewe. Mwisho wa utepe uingize chini ya mwanzo wake. Halafu ugeuze uje upande wa mifuko, ufunike ule mshono, na shona kwa mkono kwa mishono midogo. Unaweza kupiga kwa cherehani lakini mie naona wa mkono unashika vizuri na unaweza kukaa nao barazani ukaongea na watu. Kitanzi kiingize kabla ya kugeuza utepe, upande wa vidole, na kiwe kifupi, kidole kimoja tu kipite. Kitanzi kirefu kinaning'inia, na kinachoning'inia kwenye jiko la gesi kinatafuta moto.

Cha kwanza kitakuchukua tangu Alasiri mpaka Magharibi. Cha pili nusu yake.

Kukijaribu

Usikijaribu na sufuria la pilau la wageni. Chukua sufuria dogo, maji robo tu, lichemke, liwe jiko la chini au karibu na karo. Vaa vishikio viwili, bana ukingo, inua kidogo tu juu ya jiko, hesabu pole pole. Ukifika 20 bila ya kusikia zaidi ya uvuguvugu, kiko sawa. Joto likija kabla ya 10, kina kasoro, mara nyingi taulo lilikuwa jembamba au limekimbilia upande, na dawa yake ni kufumua utepe wa upande mmoja na kuingiza kipande chengine. Kati ya 10 na 20 kinafaa kwa chai na uji, kwa mafuta usikitumie.

Jaribu pia kubana sufuria tupu lililopoa na kulitikisa. Kama linateleza ndani ya jinzi, jinzi yako ina nyuzi za kung'ara, badilisha.

Kwa wanaopalia, na kwa masufuria makubwa

Wali wa kupalia na mkate wa kumimina una shida yake, mfuniko una makaa juu. Kaa jekundu linapita 600°C, na pamba inashika moto kwenye 400°C hivi, kwa hivyo hakuna kishikio cha nguo duniani kilichotengenezwa kushika kaa. Ondoa makaa yote kwa koleo kwanza, pangusa jivu, ndo uinue mfuniko kwa kishikio, na uuinulie upande wa mbali na wewe ili mvuke utoke kule. Na cheche ikiingia kwenye kishikio usiipigepige ukaona imezimika ukakitundika. Pamba inafukuta kimya kimya ndani kwa ndani bila ya moto kuonekana, inaweza kukesha hivyo. Kitie kwenye ndoo ya maji kizame, kesho kianike, uone kama bado kinafaa.

Masufuria makubwa ya harusi na khitma, yale ya watu wawili, kuna wanaoshona mkanda mrefu mmoja wenye mfuko huku na mfuko huku. Siwashauri kwa majiko yetu ya chini, ule mkanda unaning'inia mbele ya moto pale unapoinama. Shoneni vinne mbali mbali, kila mtu viwili, na upana muongeze ufike 20. Na mkubaliane kabla ya kuinua, nani anahesabu na sufuria linakwenda wapi, njia iwe tupu, watoto watolewe.

Kuvitunza

Fua kwa maji ya moto na sabuni kila vikishika mafuta. Si kungoja viwe vyeusi, mana mafuta yakiingia ndani yanafanya kama maji, yanaitoa hewa, na zaidi yanasaidia moto. Anika juani, na vya tabaka tano havikauki siku moja wakati wa masika, vinakauka nje ndani bado, kwa hivyo vibane kwa nguvu kwenye shavu lako kabla ya kuvirudisha jikoni, ukisikia ubaridi bado vina maji. Tundika pembeni ya jiko, sio juu yake.

Na kwa sababu hata mwenye vishikio siku moja ataungua, maji ya bomba ya baridi ya kawaida yapite juu ya pale palipoungua kwa dakika 20, dakika 20 kamili kwa saa, sio barafu. Pete na bangili zivuliwe haraka kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, mafuta, unga, visipakwe. Malengelenge yasipasuliwe. Ikiwa ni kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, au ni usoni, au ni mtoto, peleka spitali.

Kishikio kinakufa kwanza pale katikati ya mfuko wa dole gumba, upande wa jinzi. Kila mwezi kikunjue ukiinue kwenye dirisha, ukiona mwanga unapenya hapo, au jinzi imekuwa ngumu na nyeusi inavunjika ukiikunja, kazi yake imekwisha. Usikiache kwenye droo mana siku ya haraka mtu atakichukua. Fumua utepe, blanketi la ndani mara nyingi bado zima, lifue uliweke kwenye kishikio kinachofata.